Antena Inayotazama Alunguli

Kijiwe chetu kiko Lagare, mtaa wa stesheni ya treni hapa Kindu, kwenye njia inayoshuka kwenda mtoni, ubavuni mwa nyumba ya Kalume. Ukikalia ubao wetu unauona mto Lualaba wote na ng'ambo yake, Alunguli, ilivyofunikwa na miti hata mabati ya nyumba hayaonekani ila machache. Mimi ni fundi wa kushona. Cherehani yangu haiko mbali na birika la Bulaimu, muuza kahawa, kwa hiyo nayasikia yote yanayosemwa pale, nitake nisitake, na mengi nisingetaka. Asubuhi ninayoisimulia kahawa ya tangawizi ilikuwa imeshamiminwa, na watu wote walikuwa wameinua vichwa kutazama paa la Kalume. Pale juu palisimamishwa bomba la chuma, na kwenye bomba antena nyeupe, pana kama sahani ya pilau, imeelekezwa ng'ambo. Ilikuwa pale tangu juma lililopita na haikuwa imefanya kazi hata mara moja.

Haikuwekwa kwa mapambo. Ng'ambo anaishi Clémentine, dada mkubwa wa Kalume, na macho ya Clémentine yanakufa. Daktari alimwambia wazi kwamba jicho moja limekwisha na la pili halitafika mwisho wa mvua. Mama wa watu hakupiga kelele wala hakutaka dawa ya muujiza. Aliomba jambo moja tu: kabla giza halijafunga auone uso wa ndugu yake, tena ukiongea naye, si picha ya kubandika ukutani. Simu za kawaida zinafikisha sauti tu kule anakoishi, na sauti yenyewe inakatikakatika. Video haipiti kabisa. Ndipo Nestor, fundi wa simu wa mtaani kwetu ambaye tunamwita Sinyale, akaagiza antena mbili kutoka Goma. Kwa Kalume internet ilikuwa tayari, inashuka kutoka setilaiti. Ilibaki kuivusha mto. Antena moja hapa, nyingine juu ya paa la Clémentine, zitazamane ana kwa ana, basi, internet inapita hewani bila waya. Mezani kwa Sinyale zilizungumza vizuri sana. Ya pili ikavushwa kwa mtumbwi, Elie, mjukuu wa Clémentine anayemwita bibi yake Koko, akaipandisha kule, na tangu siku hiyo zote mbili kimya.

Najua unachotaka kuuliza. Mtumbwi kutoka kivuko chetu mpaka Alunguli unafika kabla kahawa haijapoa, kwa nini huyu mtu asivuke? Kalume alikuwa hajapanda mtumbwi tangu mwaka wa kwanza wa vita. Nyumba ya baba yao ilikuwa Alunguli, na vita vilipokaribia, Kalume, aliyekuwa mtu wa reli, alivuka na mke na watoto wake kuja huku kwenye kazi yake. Mtumbwi ulijaa. Akamwambia dada yake abaki kivukoni na watoto wake mwenyewe, atarudi kuwachukua sasa hivi. Alipofika huku wanajeshi wakafunga mto, na mto ulifungwa kwa muda mrefu. Watoto wawili wa Clémentine walikufa kule, si kwa risasi, kwa njaa na homa ya porini. Mto ulipofunguliwa, Kalume alishuka kivukoni amevaa shati safi, akasimama, akarudi. Kesho yake vilevile. Halafu akaacha kushuka. Kila Jumapili wanaongea kwa simu, habari za mvua na za mihogo, na wote wawili hawaligusi lile neno.

Nasi hapa kijiweni tuna desturi yetu: mtu haingii nyumbani kwa dada wa mwenzake kabla mwenzake mwenyewe hajampeleka. Alunguli tunavuka kila mara, sokoni, msibani, mpirani, lakini kwa Clémentine hakuna aliyekwenda wala kuuliza anakaa upande gani. Tuliona ni heshima, na mimi niliona hivyo pia.

Basi asubuhi hiyo aliyeanza ni Onema. Aliwahi kugombea ubunge akapata kura za ukoo wake, tena si wote. Tangu hapo tunamwita Depite na anaitika.

Depite: Sinyale, iko namna gani? Leo tena bure?

Sinyale: Bure, Papa. Ya ku Alunguli inawaka, ya huku inawaka. Kila moja inaita, hakuna yenye kuitika.

Depite: Mimi nilishajua. Ile si ufundi. Ile njo politiki.

Bulaimu: Kila kitu kwako politiki. Sukari yangu ilinyeshewa, ukasema politiki.

Depite: Na ilikuwa politiki! Nani hakutengeneza mufereji? Sikiya. Wakubwa wanakaa kule mbali, wana mukono mu ile setilaiti. Wanaona waya ya hewa inataka kutoka Kindu kuenda Alunguli, wanasema, aa, hawa watu wakianza kuonana sura kila siku watapatana, wakipatana watauliza daraja iko wapi. Wanakata!

Bulaimu: Wakubwa wote wale, wanaacha kazi yao sababu ya macho ya mama mumoja?

Depite: Njo kazi yao hiyo.

Kalume alikuwa ameketi mwisho wa ubao na hakuwa akicheka. Tangu antena ipandishwe alikuwa ananyoa ndevu kila asubuhi na kuvaa shati la pasi, kwa sababu hakujua picha itapita saa ngapi. Mimi ndiye niliyemshonea lile shati. Nilimwona akigusa kola kila simu ya mtu yeyote ilipolia, na nilitamani kuwafukuza wote pale na birika lao.

Katekista: Mimi nitasema kwa ufupi.

Bulaimu: Hauyawahi.

Huyo ni Félicien. Alifundisha katekisimu mpaka sauti ikamwisha, na iliyobaki anaitumia kwetu.

Katekista: Depite anatafuta mbali, shida iko hapa mbele ya macho. Ile mayi ya mto inatembea. Inatoka upande wa Kibombo, inateremuka Lokandu. Muntu wa mutumbwi akitaka kuvuka kuenda sawasawa mbele yake, anafanya nini?

Bulaimu: Anapanda kwanza juu, anafuata kando ya mto, kisha anakata.

Katekista: Ee! Akikata moja kwa moja, mayi inamubeba, anafikia chini kabisa. Sasa ile wimbi ya antene inapita juu ya mayi yenye kutembea. Munafikiri inabaki sawa? Inabebwa! Nawaambia, sura ya Kalume iko Lokandu tangu juma lililopita. Wavuvi wanamuangalia tu, wanajiuliza huyu papa mwenye kunyoa vizuri anatafuta nini mu nyavu zao.

Tulicheka, na hata Kalume alitikisa kichwa. Sinyale alijaribu kueleza kwamba wimbi la redio halijui mto wala barabara, linakwenda moja kwa moja, linachotaka ni njia nyeupe na shabaha nzuri. Akanyoosha mkono na kidole kimoja.

Sinyale: Hizi si kama redio ya kutangaza kila upande. Hizi ni kama tochi. Ukigeuza huku upana wa kidole, kule umekosa mutaa muzima.

Katekista: Njo nilisema! Geuza juu, upande wa Kibombo, uachie mayi iteremushe.

Sinyale: Papa, haiko vile.

Katekista: Unaogopa kujaribu?

Wakamsumbua mpaka akapanda. Akalegeza nati, akaigeuza antena kuelekea huko mto unakotoka, nasi sote tukatulia tukisubiri wimbi literemke. Bulaimu alizima hata jiko ili moshi usiingilie. Tulisubiri. Taa ndogo za antena ziliendelea kuwaka nyekundu.

Bulaimu: Labda imepata mawe ku njia.

Sinyale akairudisha ilivyokuwa. Kalume alisimama kumwelekeza kama alivyomwelekeza siku ya kwanza, mkono wake umenyooka, bila kusita hata kidogo.

Kalume: Pale. Ile michikichi mirefu yenye kusimama pamoja. Chini yake njo kwetu. Kidogo huku. Ee, pale pale.

Sinyale: Nimeishika, Papa.

Depite: Basi kama si wakubwa na si mayi, ni chuma.

Bulaimu: Chuma gani tena?

Depite: Vita ilipoisha watu walitupa nini mu ile mayi? Bunduki! Kila muntu alitaka kuonekana hakukuwa nayo. Masasi, mabomu, hata magari. Kule chini kuko chuma mingi kupita ile ya reli. Na chuma inavuta. Muulize Kalume, alikuwa muntu wa reli. Wimbi inafika katikati, chuma inaivuta chini. Ile internet yote ya Papa Kalume iko chini ya mayi, imelala na bunduki.

Hapo sikuvumilia, nikasema kutoka kwenye cherehani kwamba kama chuma kingekuwa kinavuta hivyo, mitumbwi ya injini ingekuwa imezama yote. Depite akaniambia nishone. Nilikuwa na jibu zuri, lakini Bulaimu alizungumza kabla yangu, na alizungumza polepole, akikifuta kikombe ambacho kilikuwa kimeshakauka.

Bulaimu: Haivutwe na chuma. Mule muko watu.

Depite: Watu gani?

Bulaimu: Unawajua. Wale wenye kutupwa usiku, wakati ule. Hawakuoshwa, hawakuswaliwa, hawakuombewa, si wa kwetu si wa kwenu. Mimi nilikuwa nakaa kando ya mto, nilikuwa nasikia. Naona kila kitu chenye kutaka kupita juu yao, kwanza wanakisimamisha. Wanakiuliza, unaenda kwa nani? Unamupelekea nani habari? Na sisi je?

Hakuna aliyemdhihaki. Katekista alivua kofia akaishika magotini. Nilimkumbuka mtoto wa shangazi yangu, ambaye alikwenda kuchota maji mwaka ule na ndoo ndiyo iliyorudi. Miguu yangu iliacha kukanyaga cherehani.

Simu ya Kalume ikalia. Akagusa kola, halafu akaona kwamba ni sauti tu, akaiweka kwa sauti kubwa ili Sinyale asikie kama kuna shida ya ufundi. Alikuwa Clémentine, Yaya wake, kama tunavyomwita dada mkubwa.

Clémentine: Kalume.

Kalume: Niko, Yaya. Umeamuka namna gani?

Clémentine: Nimeamuka. Leo naona dirisha, naona na muntu akisimama ku dirisha. Lakini siyui ni nani mpaka aseme.

Kalume: Fundi yuko juu ya paa, Yaya. Anatengeneza. Leo itapita.

Clémentine: Elie anasema ya huku iko sawa. Anaona Lagare, anaona nyumba yako. Ya kwako mumeielekeza wapi?

Kalume: Kwetu, Yaya. Pale ku michikichi ya baba.

Upande wa pili ukawa kimya. Tulifikiri mtandao umekatika.

Kalume: Alo? Yaya?

Clémentine: Niko.

Kalume: Umenisikia?

Clémentine: Nimekusikia. Sawa. Ni vizuri.

Akakata. Kalume alibaki akiitazama simu, kisha akasema, si kwa mtu yeyote, kwamba dada yake zamani alikuwa na macho makali kupita watoto wote wa Alunguli, alikuwa anamtambua baba yao ndani ya mtumbwi wakati wengine hawajauona hata mtumbwi. Alisema hayo akafunika uso kwa kiganja. Sinyale alishuka kwenye ngazi akaketi chini. Ufundi wake wote ulikuwa umekwisha na alijua hivyo, na mimi nilimhurumia.

Birika la kwanza likaisha. Bulaimu akawasha tena jiko, akachemsha la pili. Depite alianza habari ya mtu wa Obokote aliyepata mtandao kwa kuingiza simu ndani ya sufuria, lakini hakuna aliyemfuata, naye akaiachia njiani. Kahawa mpya ilikuwa inamiminwa tulipomwona mwanamke akipanda kutoka kivukoni, kitenge kimelowa chini, viatu mkononi. Hatukumjua. Alisimama mbele yetu akapiga goti kidogo kama wanavyofanya wanawake wa kule kwa watu wazima.

Mwanamke: Hamujambo, wapapa. Ninaitwa Emerance, jirani ya Mama Clémentine wa Alunguli. Mama amenituma. Papa Kalume njo nani?

Kalume: Njo mimi. Anaumwa?

Emerance: Haumwe zaidi, Papa. Amesema nikuje niangalie na macho yangu ile antene inaangalia wapi. Amesema nisiseme maneno mingi.

Bulaimu akampa kikombe. Hakunywa. Kalume alisimama akamwonyesha, mkono ule ule, kwa uhakika ule ule: michikichi mirefu, chini yake nyumba ya baba. Emerance alifuata mkono kwa macho mpaka ng'ambo. Alikaa akiangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Emerance: Papa, pale hakuna muntu.

Kalume: Namna gani hakuna muntu? Njo kwetu pale. Nilizaliwa pale.

Emerance: Njo pale, Papa. Lakini nyumba haiko. Iliungua mwaka wa pili wa vita, na ile mutaa yote. Sasa ni majani tu, na ile michikichi. Watu wanaendaka kukata matunda yake, wanarudi.

Kalume alishusha mkono. Sinyale aliinuka ghafla kutoka pale chini.

Sinyale: Sasa kwa nini Elie hakuniambia? Kila siku namuuliza ku simu, ananiambia elekeza kwa Koko!

Emerance: Elie amezaliwa vita imeshaisha. Anafikiri kila muntu anajua nyumba ya koko yake.

Kalume: Sasa anakaa wapi? Yaya anakaa wapi?

Emerance: Nyuma ya kanisa, Papa, karibu na kiwanja ya mupira. Vita ilipoisha watu wa kanisa walimujengea chumba mbili pale. Mulango inaangalia ku njia. Asubuhi tunamutolea kiti, anakaa ku kizingiti mpaka jua ikuwe kali. Anapenda kusalimia wapita njia.

Depite alikiweka kikombe chini. Kilianguka, na hakukiokota.

Depite: Mama mwenye kitambaa ya bluu ku kichwa?

Emerance: Njo yeye.

Depite: Mimi napitaka pale. Tukienda ku mupira napita mbele yake kabisa. Ananisalimiaka. Ananiuliza kila mara, "Watu wa Lagare wanaendelea?" Nikamujibu wanaendelea, Mama. Nilifikiri ni salamu tu. Nilifikiri anasalimia watu wote vile.

Emerance: Anakujua, Papa. Anawajua wote kwa majina. Anatuambiaka, yule njo anakaa kijiwe moja na mudogo wangu.

Depite alitazama mchanga katikati ya miguu yake.

Kalume: Juu ya nini hakuniambia nyumba ya baba iliungua? Kila Jumapili, Siku ya Mungu, tunaongea. Kila Siku ya Mungu namuuliza nyumba iko muzima, ananijibu iko muzima.

Emerance: Alitukataza, Papa. Alisema ukijua, hautapata tena nguvu ya kumupigia hata simu. Alisema, huyu ameshabeba ya kutosha, muache na nyumba yake.

Kalume aliketi. Emerance alitutazama mmoja baada ya mwingine, Depite, Katekista, Bulaimu, akanitazama hata mimi nyuma ya cherehani. Hakuwa na hasira. Alikuwa anashangaa, kama mtu anayetaka kuelewa.

Emerance: Na nyinyi, marafiki zake? Munavuka kila siku. Miaka hii yote nani kati yenu alishafika kwake?

Katekista alifungua kinywa. Nilijua anataka kueleza desturi yetu, kwamba mtu haingii kwa dada wa mwenzake kabla hajapelekwa, kwamba ilikuwa heshima. Lakini aliivaa kofia tu, akaivuta hadi machoni. Mimi mwenyewe nilijaribu kuitamka kichwani na niliona aibu. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi kizingitini anahesabiwa na sisi kama mtu aliyelindwa kwa adabu, kumbe tulikuwa tumemwacha peke yake tu, na tukajisifu.

Aliyesema ni Sinyale. Yeye alikuwa na kazi ya kufanya, na nadhani ilimsaidia.

Sinyale: Mama Emerance, nikipanda juu unaweza kunionyesha?

Emerance: Naweza. Unaona ile bati yenye kung'aa? Njo kanisa. Sasa kuya kushoto.

Akapanda. Emerance alisimama chini ya ngazi, mkono juu, na wote wakajikusanya pale, Bulaimu ameshika ngazi, Katekista anarudia kila neno kwa sauti yake iliyochoka, kushoto, kushoto tena, si sana. Antena ikaiacha michikichi polepole. Ilipita juu ya miti ambayo hatukuwahi kuijali, ikapita kanisa, ikasimama.

Mimi sikwenda kwenye ngazi. Kwa hiyo ni mimi tu niliyemwona Kalume akiinuka. Alipita mbele ya cherehani yangu bila kunitazama, akashika njia ya kivukoni. Hakukimbia. Kwenye mteremko aliinama akavua viatu na kukunja suruali, halafu akaendelea. Ningeweza kumwita. Nilishika gurudumu la cherehani kwa mikono miwili, kwa sababu niliogopa kwamba mtu mmoja akitaja jina lake atageuka, na akigeuka hatashuka tena mpaka afe.

Sinyale: Kijani! Moja... mbili! Zote kijani! Inapita!

Bulaimu alipiga takbiri na Katekista akafanya ishara ya msalaba, wakakumbatiana wote wawili na ngazi katikati. Sinyale aliteremka kwa kuruka, simu mkononi, akabonyeza. Iliita mara moja. Halafu picha ikaja, safi, bila kukatika, na ndani yake mwanamke mzee mwenye kitambaa cha bluu, ameileta simu karibu sana na jicho lake la kulia hata paji la uso halikuonekana. Alikuwa na pua ya Kalume. Nyuma yake Elie alikuwa anapiga makofi.

Clémentine: Nani huyu? Naona watu. Muko wengi.

Bulaimu: Ni sisi, Mama. Watu wa Lagare.

Clémentine: Watu wa Lagare. Karibuni. Karibuni kwangu.

Alijaribu kututazama mmoja mmoja, jicho likisogea polepole kwenye kioo kutoka uso hadi uso. Lilitupita wote. Likarudi mwanzo, likatupita tena.

Clémentine: Kalume iko wapi?

Ndipo na wao wakageuka na kuona ubao mtupu. Nilinyoosha mkono kuelekea mtoni. Mtumbwi ulikuwa umeshatoka ufukoni. Mpiga kasia alikuwa nyuma, na mbele, peke yake, ameketi mtu mwenye shati jeupe, ameshika kingo zote mbili kwa mikono. Ulikuwa unapanda kandokando ya mto kwanza, upande wa Kibombo, ndipo ukate. Kutoka pale mtu anaweza kurudi bado. Kati yetu hapakuwa na mmoja aliyejua kama atafika, na hapakuwa na mmoja aliyethubutu kumwahidi yule mama kwamba ndugu yake anakuja. Ahadi ya namna hiyo aliwahi kupewa.

Clémentine: Munanyamaza. Kalume iko wapi?

Sinyale alitutazama. Kisha akaigeuza simu, akaielekeza mtoni, akainyoosha mbele mikono yote miwili kadiri alivyoweza.

Clémentine: Naona mayi tu.

Depite akasogea karibu na simu. Sikuwahi kumsikia akiongea kwa sauti ndogo hivyo.

Depite: Angalia tena, Mama.